Jinsi ya kuchimbua historia ya cheo cha kurithi cha Kiingereza kilichokufa: mwongozo kamili kwa mfano wa Earl of Oxford

Aubrey de Vere, erli wa 20 wa Oxford, alifariki tarehe 12 Machi 1703. Cheo chake kilianza mwaka 1141, kikapita kwa watu 20 katika miaka 562, kisha kikakosa wa kukishika. Lakini Aubrey hakufa bila uzao. Alimwacha binti, Diana, aliyeolewa mwaka 1694 na Charles Beauclerk, dyuki wa kwanza wa St Albans, mwana wa nje ya ndoa wa Mfalme Charles II. Wazao wa Diana wapo mpaka leo, na ukoo wa St Albans wote umetoka kwake. Damu iliendelea, cheo kikakatika.

Wengi wanaoandika historia ya cheo huanza na majumba, vita, ndoa na kashfa. Huko ndiko kwenye utamu, ila si pa kuanzia. Cheo hufa pale maneno yaliyokianzisha yanapokosa mtu wa kumwangukia, hata kama ukoo umejaa watu. Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinarudi kwenye karatasi moja, yaani hati iliyotoa cheo, na ndani yake kwenye sentensi moja, ile inayotaja nani atarithi.

Hatua ya 1: Tambua ni cheo cha aina gani

Vyeo vya kurithi vilivyompa mtu kiti katika House of Lords, baraza la juu la Bunge la Uingereza, ni vya ngazi tano, kuanzia juu: dyuki, makwesi, erli, vaikaunti na baroni. Chini yao kuna baroneti. Cheo cha baroneti hurithiwa na mwenye nacho huitwa Sir, ila hakimpi kiti bungeni. Naiti naye huitwa Sir, lakini heshima yake huzikwa naye. Hapa ndipo wasomaji wa historia ya pwani yetu hukosea. Sir John Kirk, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa naiti, kwa hiyo hakuna cheo cha kurithi cha kufuatilia. Sir Bartle Frere, aliyetumwa Zanzibar mwaka 1873 kuhusu biashara ya watumwa, na ambaye Freretown ya Mombasa ina jina lake, alifanywa baroneti mwaka 1876. Wote ni Sir, lakini mmoja aliacha cheo na mwingine hakuacha.

Baroneti ilibuniwa na James I mwaka 1611 ili kupata fedha. Bei ilikuwa pauni 1,095, na hesabu yake iko wazi: askari 30 wa kulinda Ulster, kaskazini mwa Ireland, kila mmoja peni 8 kwa siku, ni peni 240, ambazo wakati huo zilikuwa pauni moja kamili, kwa siku. Zidisha kwa miaka mitatu yenye siku 365. Ukikutana na baroneti wa miaka ya mwanzo, usidhani alitukuzwa kwa ushujaa. Tafuta kwanza risiti.

Mtu aliyefanywa baroni baada ya 1958 kuna uwezekano mkubwa kwamba cheo chake ni cha maisha tu, kwa sheria iliyopitishwa mwaka huo. Huyo muweke kando.

Angalia pia cheo kimesajiliwa upande gani. Vyeo vya Uingereza yenyewe, England, ni vile vilivyotolewa kabla ya tarehe 1 Mei 1707, siku England na Scotland zilipoungana. Vilivyotolewa kuanzia hapo hadi mwisho wa 1800 ni vya Great Britain, na kuanzia 1801 ni vya United Kingdom. Scotland na Ireland zilikuwa na madaftari yao. Usipotenganisha haya utatafuta hati mahali isipokuwepo.

Hatua ya 2: Hakikisha jina halijatumika mara mbili

Jina la cheo kilichokufa linaweza kutolewa tena kwa familia nyingine, na hesabu ya wenye cheo huanza upya. Oxford ni mfano mzuri wa mtego huu. Mwaka 1711 Malkia Anne alimpa Robert Harley cheo cha Earl of Oxford and Earl Mortimer. Hicho nacho kilikufa mwaka 1853. Mwaka 1925 aliyekuwa waziri mkuu, H. H. Asquith, akapewa cheo cha Earl of Oxford and Asquith, na hicho kipo bado. Kitabu cha karne ya 18 kinaposema Lord Oxford, karibu kila mara ni Harley, wala si de Vere. Basi kabla ya kunakili tarehe yoyote, andika juu ya karatasi yako vitu vitatu: jina kamili la cheo, mwaka kilipotolewa, na jina la ukoo. Kwa kazi yetu: Earl of Oxford, 1141, de Vere.

Usidanganywe na jina la mahali. Ma-erli wa Oxford walikaa Hedingham, katika jimbo la Essex. Mwaka 1141 Empress Matilda, akipigania kiti cha enzi dhidi ya Mfalme Stephen, alimwahidi Aubrey de Vere jimbo la Cambridgeshire. Ikiwa jimbo hilo halikupatikana kwa sababu ya madai ya mfalme wa Scotland, angechagua kati ya Oxfordshire, Berkshire, Wiltshire na Dorset. Akapata Oxford. Kwa hiyo kumbukumbu zao za ardhi, makaburi na kesi zitafute Essex kwanza, na usipoteze wiki nzima katika nyaraka za mji wa Oxford.

Hatua ya 3: Isome hati, hasa sharti la urithi

Hapa usiharakishe. Kuna namna nne za maneno, na kila moja inakiua cheo kwa njia yake.

Ya kwanza na ya kawaida kabisa humpa mtu cheo yeye na warithi wa kiume waliotoka kiunoni mwake, kwa ndoa halali. Katika Kilatini, lugha ya hati hizi hadi 1733, tafuta maneno *heredibus masculis de corpore suo*. Ukiyaona, cheo hufa siku ya mwisho ya mwanamume wa mwisho anayeweza kuhesabu baba kwa baba hadi kwa mpewa wa kwanza. Kaka wa mpewa wa kwanza na watoto wa huyo kaka hawamo.

Ya pili inafanana nayo, ila maneno *de corpore suo* hayapo. Imeandikwa warithi wa kiume, basi. Upungufu huo wa maneno matatu uliwahi kufufua cheo. Mwaka 1553 Malkia Mary alimpa Edward Courtenay cheo cha Earl of Devon. Edward alifia Padua mwaka 1556 bila kuoa, na kila mtu akahesabu kwamba cheo kimekwisha. Mwaka 1831, miaka 275 baadaye, House of Lords iliamua kwamba kwa kuwa hati haikusema kiunoni mwake, mwanamume wa ukoo wa mbali, William Courtenay, alikuwa na haki. Cheo kipo hadi sasa.

Ya tatu ni sharti maalumu, linalotaja ndugu, mkwe au binti. Linganisha na kisa cha de Vere. Mwezi Februari 1703, wiki chache kabla ya Aubrey kufa, dyuki wa kwanza wa Marlborough alifiwa na mtoto wake wa kiume aliyebaki. Yeye alikuwa jemadari aliyekuwa akishinda vita, hivyo Bunge likapitisha sheria ya kuruhusu cheo kipite kwa mabinti zake. Binti yake Henrietta akakishika mwaka 1722. Aubrey hakupitishiwa sheria kama hiyo.

Ya nne haina hati kabisa. Ni baroni za zamani zilizotokana na barua ya mfalme ya kumwita mtu bungeni. Hizi hupita kwa mabinti, lakini mabinti wakiwa wawili au zaidi wana haki sawa, na cheo huning'inia hewani mpaka mstari mmoja tu ubaki au mfalme achague.

Sasa rudi kwa Oxford. Mwaka 1388 Robert de Vere, erli wa 9 na kipenzi cha Richard II, alihukumiwa kwa uhaini, na akafa uhamishoni Louvain mwaka 1392. Mwaka 1393 Bunge lilimrudishia cheo ami yake, Aubrey, yeye na warithi wake wa kiume milele. Hakuna neno kiunoni. Mwaka huo wa 1393, na si 1141, ndio ulioongoza urithi wote uliofuata. Ndiyo maana wataalamu wengine huandika kwamba cheo cha de Vere kimelala badala ya kusema kimekufa, na ndiyo sababu inayotolewa ya Harley kuongezewa Earl Mortimer mwaka 1711: iwapo siku moja angetokea de Vere wa mbali mwenye haki, Harley abaki na kitu mkononi.

Mahali pa kupata hati: kwa zama za kati, rola (hati za ngozi zilizoviringishwa) za charter, zenye namba ya kumbukumbu C 53, na rola za patent, C 66, zilizoko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London. Nyingi zimefupishwa kwa Kiingereza katika juzuu zilizochapwa na kuskaniwa. Tahadhari, muhtasari huo mara nyingine huacha sharti la urithi au hulifupisha, na hilo ndilo ulilolifuata. Ukiona muhtasari umeishia kwenye neno warithi, agiza picha ya rola yenyewe. Kwa vyeo vya baadaye kuna London Gazette, gazeti la serikali lililoanza 1665, linalotafutika bure mtandaoni.

Hatua ya 4: Taja aina ya kifo

Usiandike tu kwamba cheo kimekwisha. Kuna hali tano, na kila moja inadai ushahidi wake.

Kufa: hakuna mrithi chini ya sharti. Kulala: mrithi huenda yupo, ila hakuna aliyethibitisha. Kuning'inia: warithi wapo wengi mno, wenye haki sawa. Kufutwa: mwenye cheo alihukumiwa kwa uhaini, na hapo cheo hupotea hata kama watoto ni kumi. Kumezwa: mwenye cheo amekuwa mfalme, cheo kikaingia ndani ya taji.

Cheo kimoja kinaweza kupitia hali kadhaa. Cha Oxford kilifutwa 1388, kikarudi 1393. Mwaka 1462 erli wa 12 alikatwa kichwa Tower Hill, na mwanawe mkubwa naye akauawa. Mwana wa pili akawa erli wa 13, akafutiwa cheo 1475, akakirudisha 1485 baada ya kuongoza kikosi cha mbele cha Henry Tudor, aliyekuja kuwa Henry VII, katika vita vya Bosworth. Hesabu ya namba haikukatizwa na mapengo hayo, ila kwako lazima yaonekane. Mtu aliyeandika mkataba mwaka 1480 hakuwa na haki ya kujiita erli, hata kama orodha inamwita hivyo.

Hatua ya 5: Jenga mnyororo wa wenye cheo

Fungua jedwali lenye safu tisa: namba, jina, uhusiano na aliyemtangulia, kuzaliwa, kurithi, ndoa, wana wa kiume na mwisho wa kila mmoja, kifo, na ushahidi. Safu ya tatu na ya saba ndizo zinazofanya kazi. Nyingine ni mapambo yenye manufaa.

Pa kuanzia ni The Complete Peerage, kitabu cha marejeo cha vyeo hivi na wenye navyo, toleo la pili, ambamo Oxford iko katika juzuu ya X ya mwaka 1945. Kwa baroneti upo mkusanyo wa mtungaji yuleyule, G. E. Cokayne, lakini unaishia na waliopewa cheo hadi 1800. Mwandishi anayemtafuta Frere humo atageuza kurasa bure. Vitabu hivi vina vifupisho vya Kilatini ambavyo lazima uvijue: *d.s.p.* ni kufa bila mtoto, *d.s.p.m.* ni kufa bila mtoto wa kiume, *d.v.p.* ni kufa baba akiwa hai. Herufi moja ya *m* ndiyo tofauti kati ya mtu asiye na uzao na mtu mwenye mabinti sita.

Ukiupanga mnyororo wa de Vere utaona kwamba katika mipito 19 kutoka erli hadi erli, 13 ni ya baba kwa mwana na 6 si hivyo. Wa 3 alikuwa ndugu wa wa 2. Wa 7 alikuwa mtoto wa ndugu wa wa 6. Wa 10 alikuwa ami wa wa 9. Wa 14 alikuwa mtoto wa ndugu wa wa 13. Wa 15 na wa 19 walikuwa jamaa wa mbali wa waliowatangulia. Mipito hiyo sita ndiyo ya kutumia muda wako, kwa sababu kila mmoja unaonyesha tawi moja likikauka na jingine likichukua nafasi. Mipito ya baba kwa mwana ithibitishe kwa hati moja tu, songa mbele.

Mtego mkubwa wa mnyororo huu ni majina. Ma-erli wa 12, 13, 14, 15 na 16 wote waliitwa John, mfululizo, kuanzia 1417 hadi 1562. Ukiweka kumbukumbu zako kwa jina utawachanganya kabla ya jioni. Tumia namba: O12, O13, O14. Nyaraka za zamani hazitaji namba, kwa hiyo kila karatasi inayosema John, Earl of Oxford, ipangie mtu kwa tarehe yake, si kwa hisia.

Mtego mwingine ni vyeo vya heshima. Mwana mkubwa wa erli hutumia cheo kidogo cha baba yake wakati baba yu hai, lakini hakimiliki. Warithi wa de Vere waliitwa Lord Bulbeck. Edward, aliyekuja kuwa erli wa 17, alijulikana hivyo utotoni hadi baba yake alipokufa mwaka 1562. Ukimhesabu Lord Bulbeck kama mwenye cheo wa kivyake, umeongeza mtu asiyekuwepo.

Hatua ya 6: Nyoosha tarehe

Hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Erli wa 20 alifariki 12 Machi, siku 13 kabla ya mwaka mpya wa wakati huo, hivyo kitabu cha zamani kitasema 1702 na cha kisasa 1703. Vyote viko sahihi. Kwa kila tarehe kati ya 1 Januari na 24 Machi kabla ya 1752, andika miaka yote miwili, 1702/3. Usipofanya hivyo utapata watu waliozikwa mwaka mmoja kabla ya kufa na watoto waliozaliwa kabla ya harusi ya wazazi wao, kisha utaanza kushuku uharamu usiokuwepo.

Hati za kale pia huhesabu kwa mwaka wa utawala wa mfalme. Mwaka wa 16 wa Richard II ulianza tarehe 22 Juni 1392, kwa hiyo Bunge la Januari ya mwaka huo wa utawala ni la 1393. Henry VII naye aliuhesabu utawala wake kuanzia 21 Agosti 1485, siku moja kabla ya Bosworth. Si kosa la karani. Kwa hesabu hiyo, waliompigania Richard III siku ya vita walikuwa tayari wahaini dhidi ya mfalme, na mali zao zikachukulika.

Hatua ya 7: Thibitisha kwamba hakuna aliyebaki

Kuonyesha kwamba mtu aliishi ni rahisi. Kuonyesha kwamba hakuna mtu ndiyo kazi. Anza kwa mwenye cheo wa mwisho na urudi nyuma: wana wake, kisha ndugu zake wa kiume na wana wao, kisha ndugu za baba yake, kisha ndugu za babu yake, hadi umfikie mpewa wa kwanza. Kila mwanamume utakayemkuta lazima afungwe kwa mojawapo ya vitu hivi: ushahidi wa mazishi akiwa mtoto, wosia usiotaja mwana wa kiume, au tamko la kisheria kuhusu mrithi wake.

Vyanzo vyake kwa zama:

Hadi miaka ya 1640 kuna uchunguzi wa baada ya kifo. Maofisa wa mfalme waliita baraza la wenyeji kuapa marehemu alikuwa na ardhi gani na mrithi wake ni nani, mwenye umri gani. Viko Kew, kuanzia C 132 hadi C 142. Soma umri kwa makini. Maneno ya miaka 21 na zaidi yana maana ya mtu mzima tu, na aliyeandikwa hivyo anaweza kuwa na miaka 40.

Kuanzia 1538 kuna vitabu vya parokia vya ubatizo, ndoa na mazishi. Vingi vina mapengo katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na miaka iliyofuata hadi 1660. Mtoto asiyeonekana katika miaka hiyo si lazima hakuzaliwa.

Wosia wa wenye mali kutoka 1384 hadi Januari 1858 uko Kew, PROB 11. Baada ya hapo kuna orodha ya taifa ya mirathi. Wosia husaidia, lakini ukimya wake si ushahidi kamili: mwana mkubwa aliyekwisha kupata ardhi kwa mkataba wa ndoa mara nyingi hatajwi kabisa.

Kuanzia 1 Julai 1837 kuna vyeti vya serikali vya kuzaliwa, ndoa na kifo, na kazi inakuwa nyepesi.

Kwa de Vere wa mwisho utakutana na suala la ndoa. Masimulizi ya zama zake yanasema Aubrey alimhadaa mwigizaji mmoja kwa harusi ya uongo, mtumishi wake akijifanya kasisi. Mwana aliyezaliwa hapo hangeweza kurithi, kwa sababu kila sharti la urithi tuliloliona linadai ndoa halali. Usimtupe mtu wa namna hii nje ya jedwali lako. Mwandike, weka alama kwamba yuko nje ya urithi, na andika kwa nini. Atakayekuja baada yako atamkuta katika kitabu kingine na kudhani hukumwona.

Matawi yanayoponyoka zaidi ni ya wana wadogo waliohamia Ireland, Virginia au visiwa vya Karibi. Ikiwa tawi moja limepotea huko bila kifo kuthibitika, neno sahihi ni kulala. Aliyeandika kufa amekisia.

Hatua ya 8: Tenganisha cheo, ardhi na wadhifa

Vitu hivi vitatu huonekana kama kimoja mpaka urithi ugombaniwe. Mwaka 1625 Henry, erli wa 18, alikufa bila mtoto wakati wa vita vya Uholanzi. Wakajitokeza wawili. Robert de Vere alikuwa jamaa wa mbali lakini kwa mstari wa kiume mtupu, kitukuu wa upande wa erli wa 15. Robert Bertie, Lord Willoughby de Eresby, alikuwa karibu zaidi kwa damu, mtoto wa Mary de Vere, dada wa erli wa 17. Kesi ilifika House of Lords na majaji wakaulizwa. Jaji mkuu Randolph Crewe alitoa hotuba inayosomwa hadi leo, akiorodhesha koo kubwa zilizokwisha na kuuliza ziko wapi.

Uamuzi wa 1626 ulivigawa. Cheo cha erli kilienda kwa Robert de Vere, kwa sababu ya maneno ya 1393. Wadhifa wa Lord Great Chamberlain, mmoja wa nyadhifa kuu za utumishi wa mfalme, ambao ukoo huu ulipewa na Henry I mwaka 1133, ulienda kwa Bertie. Baroni za zamani zilihesabiwa kuwa zilikwisha toka mikononi mwao tangu 1526, erli wa 14 alipokufa akiacha dada watatu. Na ardhi? Nyingi ilikuwa imeuzwa na erli wa 17 kabla ya kufa mwaka 1604. Robert, erli wa 19, alipata jina tukufu na mfuko mtupu, akaendelea kuwa ofisa wa jeshi huko Uholanzi hadi alipouawa Maastricht mwaka 1632. Mwanawe wa miaka mitano ndiye aliyekuwa erli wa 20.

Kwa hiyo fungua jedwali la pili la ardhi na la tatu la nyadhifa, kila moja na mnyororo wake. Anayedhani kwamba mwenye ngome ndiye mwenye cheo atapotea. Hivyo hivyo kwa makaburi: sanamu za ma-erli zilizoko leo katika kanisa dogo la St Stephen karibu na Bures zilihamishwa kutoka Colne Priory, nyumba ya watawa, zilipokuwa mwanzo. Mahali pa sanamu si ushahidi wa mahali pa maziko.

Pa kufanyia mazoezi

Kabla ya kugusa cheo cha miaka 562, jaribu kimoja kifupi. Baroneti ya Frere inafaa. Ilitolewa 1876, ina wenye cheo wawili tu, na ilikufa 1933. Tafuta tangazo katika London Gazette la 1876, usome sharti lake, kisha jaza safu tisa za baba, aliyekufa 1884, na za mwana. Frere alikuwa na mabinti wanne na mwana mmoja. Mabinti waandike wote, uone jinsi sharti linavyowapita. Cheo cha Baron Lugard ni kifupi zaidi: Frederick Lugard, yule aliyejenga ngome Kampala, alikipata 1928 na akafa nacho 1945 bila mtoto. Mnyororo wa mtu mmoja, lakini hatua ya 3 na ya 7 zote zinafanyika.

Nasaba za kutiliwa shaka na vyeo vya kuuzwa

Kati ya 1530 na 1688 maofisa wa College of Arms, ofisi ya nembo na nasaba, walizunguka majimbo wakikagua nembo na kuandika nasaba. Vizazi vitatu vya mwisho katika nasaba hizo kwa kawaida ni vya kuaminika, kwa kuwa mwenye nyumba aliwajua babu zake. Vinavyokwenda juu zaidi, hasa vinavyofika kwa shujaa aliyekuja na William wa Normandy alipoiteka England mwaka 1066, vichukulie kama ombi la familia hadi upate hati ya zama hizo. Kipimo cha haraka: ikiwa baba na mwana wamepishana chini ya miaka 15 au zaidi ya 70, kuna kizazi kimeruka au wawili wameunganishwa. 

Mtandaoni utakuta watu wanaotangaza kuuza cheo cha kale cha Kiingereza. Cheo kilichokufa hakiuziki, kwa kuwa hakina mwenyewe, na kilicho hai hakiuziki pia, kwa kuwa hurithiwa kwa sharti la hati peke yake. Sheria ya 1925 ilifanya biashara ya heshima za serikali kuwa kosa la jinai. Kinachouzwa kihalali ni ubwana wa manor, ambao ni mabaki ya haki za ardhi. Anayeununua anaweza kujiita lord of the manor wa kijiji fulani, lakini hawi Lord, hapati kiti popote, na jina lake halina nafasi katika jedwali lako la safu tisa.